Kulipia mapishi mtandaoni: Je, fedha inarudi?

Na Mwandishi Wetu, Kigali

SAA nne usiku, siku ya Alhamisi, simu ya dada yangu ililia mezani kati ya bakuli la sukari na trei la mayai. Ulikuwa ujumbe wa benki. Karibu faranga 60,000 zilikuwa zimekatwa kwenye akaunti yake kulipia mwaka wa pili wa tovuti moja ya mapishi ya Marekani. Hakuwa ameomba mwaka wa pili. Tovuti yenyewe alikuwa hajaifungua kwa miezi minne.

“Mdogo wangu, hebu njoo unisomee hiki Kiingereza,” akaniita. “Hawa watu wamenikata tena.”

Nikasoma. Masharti aliyoyakubali mwaka mmoja kabla, kwa kubofya mara moja tu, yalisema wazi kwamba uanachama hujiongeza wenyewe kila mwaka mpaka mwenyewe aufute. Kwa hiyo hawakumwibia. Tulifuta uanachama usiku uleule na kuomba fedha zirudishwe. Baada ya siku mbili jibu likaja kwa upole kwamba hazirudi, ila anaweza kuendelea kusoma hadi mwaka uishe.

Nilikuwa nimekuja Kigali kwa kazi nyingine kabisa, habari za mpakani, lakini swali lile halikuniacha. Je, faranga 60,000 za mwaka wa kwanza zilikuwa zimemrudia? Tuliliweka mezani Jumamosi, tukachukua daftari na kalamu. Naandika tulichokiona kwa sababu najua si yeye peke yake. Kuanzia Arusha hadi Goma, wanawake na vijana wanaooka nyumbani kwa ajili ya kuuza wamekuwa wengi, na kila mmoja wao ameshakutana na ukuta uleule: unatafuta mapishi, unasoma mistari mitatu, halafu ukurasa mzima unafunikwa na ombi la namba ya kadi.

Ukuta huo una historia yake. Kwa miaka mingi majarida ya mapishi ya Marekani na Ulaya hayakuishi kwa fedha ya msomaji. Yaliishi kwa matangazo ya majiko, friji, mvinyo na siagi, na msomaji alichangia kidogo tu. Matangazo yalipoanza kukauka na kuhamia mtandaoni, hata wakubwa walianguka. Gourmet, lililoanza mwaka 1941, lilifungwa mwaka 2009 likiwa bado na wasomaji wengi mno. Waliobaki wakageukia mfuko wa msomaji. Gazeti la New York Times lilifungua tovuti na programu yake ya mapishi mwaka 2014 ikiwa bure. Mwaka 2017 likaanza kutoza. Sasa bei yake ya kawaida ni takribani dola 50 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya Sh6,000 za Kenya, zaidi ya Sh120,000 za Tanzania, karibu Sh180,000 za Uganda na zaidi ya faranga 70,000 za hapa Rwanda.

Wapo waliokwenda njia hiyo mapema kwa hiari yao. Jarida la Cook’s Illustrated, lililoanza mwaka 1993, lilikataa matangazo tangu siku ya kwanza. Hoja yao ilikuwa kwamba anayekuuzia sufuria hawezi kulipa mshahara wa anayekuambia sufuria ipi ni nzuri. Nadhani walikuwa na haki.

Sasa, fedha hiyo inanunua nini? Hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea pia. Tunadhani tunanunua mapishi. Lakini mapishi hayana mwenyewe. Hata huko Marekani, ofisi ya hakimiliki inasema orodha tupu ya viungo na vipimo hailindwi na sheria ya hakimiliki. Kinacholindwa ni maelezo yaliyoandikwa kwa ufundi, picha na mpangilio wa kitabu. Unga, mayai, sukari na siagi kwa vipimo hivi au vile, yeyote anaweza kunakili. Ndiyo maana keki ileile unaikuta kwenye tovuti 100, tisini na tisa kati yake bure.

Kinachouzwa ni kazi ya kujaribu. Mtu ameoka keki ile mara kumi, mara ishirini, amebadilisha moto, amepunguza sukari, ametupa zilizoharibika, halafu anakuambia: fuata hivi, haitakuangusha. Watu wa Cook’s Illustrated wanasema mapishi yao mengine hujaribiwa makumi ya mara kabla ya kuchapishwa. Unachokilipia ni unga ulioharibika jikoni mwa mtu mwingine ili wako usiharibike.

Hilo ni jambo la thamani. Dada yangu anajua thamani yake vizuri, kwa sababu unga ulioharibika ulikuwa wake.

Keki iliyozama

Alijifunza kuoka Dar es Salaam. Alikuwa akinunua vifaa Kariakoo, na keki zake zilisifiwa Tabata nzima. Alipoolewa na kuhamia Kigali alikuja na trei zake, mizani yake na daftari lake la mapishi, akaanza kuuza kwa majirani. Keki ndogo zilitoka, si mbaya, ingawa zilikuwa na shimo kidogo katikati ambalo krimu ililificha. Halafu akapata oda ya harusi, keki ya tabaka tatu, ukumbi uko Remera.

Zote tatu zilizama. Zilipanda ndani ya oveni kwa haraka kama zinakimbizwa, zikafika juu, kisha zikaanguka katikati kabla hazijaiva. Akaoka upya. Zikazama tena. Ilipofika saa kumi alfajiri alikuwa ametumia mayai 70 na hana keki. Alichofanya ni kukata kingo, kubandika vipande kwa krimu na kuomba Mungu. Shangazi wa bibi harusi alikata kipande kimoja, akakitazama kwa ndani, na familia ikalipa nusu ya fedha iliyobaki. Dada hakudai.

Wiki iliyofuata ndipo alipolipia ile tovuti. Aliona mtu yeyote anayejaribu keki mara ishirini atakuwa na jibu.

Alichagua keki ya vanila iliyosifiwa kwa nyota nyingi. Akafuata kila gramu. Ikazama.

Sababu haikuwa mkono wake wala unga. Sababu ilikuwa Kigali yenyewe. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Dar es Salaam iko ufukweni, na New York na Boston, ambako mapishi mengi ya kulipia hujaribiwa, ziko ufukweni vilevile. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito. Mapovu ya gesi yanayotengenezwa na beking pauda yanatanuka zaidi, keki inapanda upesi kuliko uwezo wa unga na mayai kuganda na kuishikilia, halafu inaporomoka. Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Wageni wanaotoka pwani hulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi; si maharage, ni maji.

Jibu alilipata, na alilipata ndani ya tovuti ile ya kulipia, lakini si kutoka kwa waliolipwa kumjibu. Chini ya mapishi yale kulikuwa na maoni ya wasomaji, mamia yake. Mmoja wao alikuwa ameandika kutoka Denver, jimbo la Colorado: punguza beking pauda, ongeza maziwa kidogo, ongeza moto. Denver iko mita 1,609 juu ya bahari. Kwa habari ya keki, Denver ni jirani ya Kigali kuliko Dar es Salaam ilivyo.

Akafanya hivyo. Katika kila kijiko cha chai cha beking pauda aliacha kama robo, akapunguza vijiko viwili vya sukari, akaongeza vijiko vitatu vya maziwa, akapandisha moto kwa nyuzi kumi za Sentigredi. Keki ikasimama.

Nilipomsikiliza nilijiuliza kama jibu lile lilihitaji kadi ya benki. Halikuhitaji. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kimekuwa kikitoa mafunzo kwa umma kuhusu kuoka kwenye mwinuko, na kampuni ya unga ya King Arthur ya Marekani ina mwongozo mzima wa jambo hilo kwenye tovuti yake, na ni bure. Ila ili uutafute ni lazima kwanza ujue kwamba tatizo lako linaitwa mwinuko. Dada hakujua. Alijua keki inazama, basi. Yule mtu wa Denver alimpa jina la ugonjwa, na kwa jina hilo dawa zote za bure zikaonekana.

Hesabu ya daftari

Tuliandika kila alichopika kutoka kwenye tovuti ile kwa mwaka mzima. Alikuwa amehifadhi mapishi 140 na zaidi kwenye sanduku lake la humo ndani. Aliyoyapika kweli ni tisa.

Ukigawa, kila pishi lilimgharimu karibu faranga 6,700 kabla hajanunua hata chumvi. Zaidi ya bei anayonunulia trei la mayai kule soko la Kimironko. Na kati ya hayo tisa, matatu hayakurudiwa. Moja lilidai michuzi ya Kichina ya aina nne, na mbili kati yake hazikupatikana. Jingine lilikuwa supu ya boga yenye krimu, ambayo shemeji aliinywa kimya kimya hadi mwisho, akaweka kijiko, akauliza kama maharage yapo.

Lakini mapishi mawili yaliingia kwenye biashara: keki ya karoti na keki ya ndizi mbivu. Ya karoti anaiuza faranga 25,000. Akitoa vifaa na gesi anabaki na kama 9,000. Maana yake keki saba tu zililipa ada ya mwaka, na yeye aliuza zaidi ya 30. Kwa hiyo jibu la swali letu, kwa upande wa mwaka wa kwanza, ni ndiyo. Fedha ilirudi, na ikazaa.

Jambo lililonishangaza lilikuwa kwenye tarehe. Mapishi saba kati ya tisa aliyapika ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Miezi tisa iliyobaki alipika mawili. Alichokuwa anakitafuta alishakipata, akakinakili kwenye daftari lake kwa mkono, na tovuti ikabaki inakula tu kama king’amuzi cha nyumba ambayo watu wamesafiri. Angelipa miezi mitatu na kuondoka, angepata kile kile kwa robo ya bei, au zaidi kidogo, maana wanaolipa kwa mwezi hutozwa juu zaidi.

Hapo ndipo mimi nilipofikia uamuzi wangu, na msomaji anaweza kuupinga. Tovuti ya mapishi si gazeti la kila siku. Ni kama fundi: unamwita ukiwa na kazi, unamlipa, anaondoka. Mwenye shida inayojulikana, kwa mfano anataka kujifunza mikate ya hamira kabla ya mfungo, au ameanza kuuza na anahitaji mapishi matano ya kuaminika, alipe mwezi mmoja au miwili na apike kila wiki. Asiye na shida hiyo, anayependa tu kutazama picha za chakula usiku akiwa kitandani, asilipe. Picha za bure zipo nyingi.

Na afute uanachama siku ileile anayojiunga. Mara nyingi ukifuta mapema unaendelea kusoma hadi muda uliolipia uishe, hupotezi kitu. Njia nyingine ni kadi ya simu isiyo ya plastiki, kama ile ambayo M-PESA na Visa waliianzisha Kenya mwaka 2022: inakata kwenye salio lako la M-PESA, kwa hiyo unabakiza humo kiasi kile kile cha malipo na si zaidi. Siku wakija kukata tena wanakuta sufuria tupu. Kumbuka pia kodi. Kenya inatoza VAT ya asilimia 16 kwa huduma za kidijitali kutoka nje, Uganda asilimia 18, na Tanzania nayo inatoza, kwa hiyo bei unayoiona kwenye tangazo huenda si bei utakayoikuta kwenye ujumbe wa benki.

Kuna jambo jingine ambalo daftari lilituonyesha. Yale mapishi 140 aliyoyahifadhi, siku uanachama ukiisha, hayaoni tena. Jarida la karatasi ulilonunua lilibaki kabatini. Mama yetu alikuwa nayo mawili ya Kiingereza yaliyotoka kwa mwajiri wake wa zamani, yamechakaa, yana madoa ya mafuta, na hadi leo yapo. Ya mtandaoni umepanga, hujanunua. Ndiyo maana nasisitiza daftari. Viungo na vipimo unaruhusiwa kuviandika, na ukiviandika andika na marekebisho yako. Kwenye daftari la dada, penye neno la maziwa mgando ya Kimarekani pameandikwa “ikivuguto”, yale maziwa yaliyochachushwa yanayouzwa kila kona ya Kigali. Hakuna mhariri wa New York angemwambia hivyo.

Bure nayo ina bei

Wapo watakaosema: kwa nini kulipa wakati YouTube ipo? Ni kweli, na wapo wapishi wetu wazuri wanaotoa kazi yao bure. Kaluhi’s Kitchen ya Kenya, Fauzia’s Kitchen Fun yenye vyakula vya Uswahilini, A Kitchen in Uganda. Hawa wanapika kwa unga na majarini tunayoyajua, na ukisoma “sukuma wiki” huhitaji kamusi. Kwa mwali anayejifunza wali wa nazi au chapati, hakuna tovuti ya dola 50 itakayomshinda Fauzia.

Lakini video ya dakika 20 inakula bando, na bando lina kodi. Uganda ilifuta kodi yake ya mitandao ya kijamii ya Sh200 kwa siku, ikaweka badala yake, Julai 2021, ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe. Mtu anayefungua video tano ili aone moja inayofaa ameshalipa, ila hakupewa risiti. Ukurasa wa maandishi usio na matangazo ni mwepesi, unafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na dada anasema hilo ndilo analolikumbuka zaidi kwa wema kuhusu tovuti yake.

Wajapani waliliona hili zamani. Cookpad, iliyoanza huko mwaka 1997, imejaa mapishi ya watu wa kawaida na kuyasoma ni bure. Huko Japani, kinacholipiwa ni kupangiwa: kuona yapi yanapendwa zaidi. Mapishi mengi kupita kiasi ni shida sawa na kukosa mapishi.

Kuna pia bure ambayo imeshalipiwa na umma. Waingereza walikumbushana hilo Mei 2016, BBC ilipotangaza kwamba ingefunga tovuti yake yenye mapishi 11,000 ili kubana matumizi. Watu zaidi ya 100,000 walitia saini kupinga, na shirika likarudi nyuma. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tulishalipa kwa ada ya televisheni.

Sisi tunacho kitabu cha namna hiyo na wengi hawakijui. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya pamoja na FAO walitoa kitabu cha mapishi ya vyakula vya Wakenya, kila kiungo kwa gramu na kila chakula na virutubisho vyake. Kinapakuliwa bure. Hakina picha za kuvutia sana, na hakikuandikwa na mtu anayetaka upende. Kimeandikwa na wataalamu wa lishe, na kinasomeka hivyo. Lakini vyakula vile vilipimwa na kupikwa hapa kwetu, na hicho ndicho kitu ambacho dada alilipa Marekani akakikosa. Ndugu zetu walio Marekani, Uingereza na Kanada nao wachunguze kadi zao za maktaba kabla ya kulipa. Maktaba nyingi huko huruhusu mwanachama kusoma majarida ya mapishi kwenye simu, kupitia programu kama Libby, bila senti.

Darasa la Morogoro

Tulipokuwa tunafunga daftari, dada alinitajia malipo mengine ambayo hakuwa ameyaweka kwenye hesabu kwa sababu, alisema, yale si tovuti.

Ni darasa la WhatsApp. Mwalimu yuko Morogoro. Unalipa Sh10,000 za Tanzania, unaingizwa kwenye kundi kwa wiki mbili, anatuma picha, video fupi na sauti, na ukikwama unatuma picha ya balaa lako naye anakujibu. Kiswahili kitupu. Vipimo vya vikombe anavieleza kwa kikombe cha chai na kwa gramu, maana kikombe cha Kimarekani ni mililita 240 hivi na vya kwetu kila kimoja na tumbo lake. Moto hautaji kwa Fahrenheit, jambo lililomfanya dada siku za mwanzo aweke oveni yake kwenye 350 akishangaa mbona haifiki.

Yana kasoro zake madarasa haya. Hakuna anayejua mwalimu amejaribu mara ngapi. Mengine ni mapishi ya bure yaliyotafsiriwa na kuuzwa, na nimesikia ya walimu waliofunga kundi siku ya tatu na kubadilisha laini. Hakuna nyota wala maoni ya kukuonya. Unamwamini aliyekuambia, kama tunavyomwamini fundi cherehani. Lakini ya Morogoro ni ya kweli. Kwa miezi mitatu dada amelipia madarasa mawili, na vitumbua na mkate wa sinia vimeingia kwenye orodha yake ya mauzo.

Nikamuuliza alilipaje.

Hapo akacheka. Tovuti ya Marekani ilichukua dakika moja: kadi, namba, bofya. Morogoro, ambako wanaongea lugha yake na ambako nchi zetu mbili zimetia saini itifaki ya soko la pamoja tangu mwaka 2009, ilichukua siku nne. Laini yake ya simu haikukubali kutuma kwenye namba ya mwalimu. Benki ilimtajia ada iliyokuwa kubwa kuliko darasa lenyewe. Mwishowe alimpa faranga dereva wa lori anayefahamiana na shemeji. Dereva akavuka Rusumo, akabadilisha fedha upande wa pili, akafika Benako, akamtumia mwalimu kwa wakala wa simu pale kituoni.

Kanda hii ina mfumo wake wa malipo baina ya nchi, EAPS, uliozinduliwa mwaka 2014. Umejengwa kwa ajili ya benki na benki, na haukufikiria Sh10,000 za mpishi. Zipo kampuni za simu zinazotuma fedha ng’ambo ya mpaka kwa baadhi ya njia, lakini njia ya dada haikuwamo, na penye njia, ada ya kubadilisha fedha inauma kwa kiasi kidogo. Nimehudhuria mikutano mingi ya Jumuiya ambamo biashara ya huduma inajadiliwa kwa maneno makubwa. Sikumbuki hata mmoja ambao mtu alisimama akauliza mwanafunzi wa Kigali atamlipaje mwalimu wa Morogoro.

Kwa hiyo ukiniuliza kama inafaa kulipia mapishi, nitakuuliza kwanza jiko la aliyeyajaribu liko wapi, na wewe utayapika mara ngapi. Kwa wengi wetu huku nyanda za juu, fedha iliyo bora zaidi ni ile inayokwenda kwa mtu anayeoka kwenye mwinuko wetu, kwa unga wetu. Kwa sasa fedha hiyo inafika Marekani kabla haijafika Ngara.

Dada amelibeba jambo hili kwa namna yake. Ile tovuti ataendelea kuitumia hadi mwaka uishe, maana imeshalipiwa. Amejipangia mapishi mawili kila mwezi, na tarehe ya mwisho ameiandika ukutani kwa kalamu nyekundu. Na mwezi ujao anafungua darasa lake mwenyewe la WhatsApp, kwa Kiswahili: keki za miji ya milimani. Watu 14 wamejiandikisha, kutoka Huye, Kabale, Ngara na Goma. Wa Kabale yuko mita 2,000 hivi, na dada ameshaanza kuoka za majaribio kwa ajili yake, akipunguza beking pauda zaidi, ingawa anajua hawezi kuipandisha oveni yake mlimani.

Ada ameiweka faranga 5,000. Yule wa Goma ameuliza alipe kwa njia gani. Hadi naondoka Kigali, dada alikuwa bado hajamjibu.